Hakimu Aliyeitwa Tata
Maisha ya Vasco de Quiroga

Katika nchi ya Meksiko liko ziwa linaloitwa Pátzcuaro, na kando yake hukaa watu wa kabila la Wapurépecha. Katika lugha yao baba huitwa tata. Msomaji wa Kongo hahitaji kufasiriwa neno hilo, maana makabila yetu mengi humwita baba kwa neno lile lile. Basi, watu wa ziwa lile wakimtaja mgeni mmoja aliyekufa mwaka 1565, hawamwiti kwa vyeo vyake, ingawa alikuwa navyo vingi. Alikuwa mwanasheria, kisha hakimu wa mfalme, kisha mmoja wa watawala wa nchi nzima, na mwishoni askofu. Wao humwita Tata Vasco tu.

Jambo hilo ni la kustaajabisha. Si desturi ya watu walioshindwa vitani kumwita hakimu wa washindi kwa jina la baba. Kwa hiyo inafaa tujue mtu huyo alitenda nini hata akapewa jina hilo, nalo likadumu zaidi ya miaka 450.

KIJANA WA MADRIGAL

Vasco de Quiroga alizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 15 huko Madrigal de las Altas Torres, mji mdogo wa Kastilia katika nchi ya Hispania. Katika mji huo huo alikuwa amezaliwa malkia Isabel, yule aliyemtuma Columbus kuvuka bahari. Ukoo wa Vasco ulitoka Galicia, upande wa magharibi, nao ulikuwa ukoo wa heshima.

Alisoma sheria, akapata shahada yake, akaingia katika utumishi wa mfalme. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, mtu wa vitabu na wa mashauri, aliyezoea kupima maneno ya washtaki na ya washtakiwa. Hata alipokuwa mtu mzima kabisa, hakuna aliyedhani kwamba siku moja angevaa kofia ya askofu.

HAKIMU KATIKA AFRIKA

Kazi yake ya kwanza kubwa tunayoijua ilimleta katika bara letu. Mwaka 1509 Wahispania walikuwa wameuteka mji wa Oran, bandari ya Afrika ya kaskazini katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 1525 Quiroga alipelekwa huko awe hakimu.

Katika falme za Hispania ilikuwako sheria moja nzuri. Kila mwenye cheo alipomaliza muda wake hakuruhusiwa kujiendea kimya. Mfalme alimtuma hakimu mgeni, na mbiu ikapigwa mjini. Hapo mtu ye yote aliyeonewa, tajiri au maskini, aliweza kuja na kumshtaki yule mkubwa aliyekuwa akimwogopa jana. Hakimu alisikiliza mashahidi, akaandika, akakata shauri. Kazi ya namna hiyo ndiyo aliyopewa Quiroga kule Oran. Alipokea malalamiko juu ya mkuu wa mji, na katika waliolalamika walikuwamo wafanya biashara wa taifa na dini nyingine. Naye hakusema kwamba neno la mgeni lina uzito mdogo kuliko neno la Mhispania.

Mwaka 1526 aliwakilisha pia serikali yake katika kufanya mkataba wa amani na mfalme Mwislamu wa Tlemcen. Kisha akarudi kwao. Huko Afrika alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mtawala aliye mbali na mfalme wake hujaribiwa upesi kujifanya mfalme mwenyewe. Fundisho hilo lilimfaa baadaye.

NCHI ILIYOHARIBIWA

Wakati huo mambo ya Meksiko yalikuwa mabaya sana. Tarehe 13 Agosti 1521 Hernán Cortés na askari wake, pamoja na makabila yaliyoungana nao, waliuteka mji mkuu wa Waazteki. Nchi ile kubwa ikaitwa Hispania Mpya. Ili kuitawala, mfalme aliweka Baraza Kuu la mahakimu. Baraza hilo lilikata mashauri makubwa, na pia lilitawala nchi yote kwa jina la mfalme. Mkuu wake alikuwa Nuño Beltrán de Guzmán, naye alikuwa mwanasheria.

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kwa wageni hao wenyeji hawakupona. Waliowekwa kuilinda sheria walikuwa wa kwanza kuivunja. Wenyeji walikamatwa kwa maelfu wakauzwa kuwa watumwa. Vijiji vilinyang'anywa, na wakuu wa kale walitozwa dhahabu kwa mateso. Juan de Zumárraga, Mfransisko aliyekuwa askofu mteule wa Meksiko, aliwatetea wenyeji kwa nguvu. Mahakimu wakazuia barua zake zisimfikie mfalme. Mwaka 1529 aliandika barua ndefu ya mashtaka, nayo ilivuka bahari kwa siri.

Mateso ya Wapurépecha yalipita kiasi. Mfalme wao Tangáxuan alikuwa amejitia mwenyewe chini ya Wahispania bila vita, akabatizwa akaitwa Francisco. Mwezi wa Februari 1530 Guzmán alimfunga, akamtesa ili aonyeshe hazina yake, akamwua kwa kumchoma moto. Majivu yake yakatupwa mtoni. Watu wake wengi wakakimbilia milimani, wakakaa huko kama wanyama wawindwao. Nani angewalaumu kama wasingetaka kusikia tena habari za Injili kutoka kwa mtu mweupe?

BARAZA LA PILI

Habari hizo zilipofika Hispania, malkia Isabel wa Ureno, mke wa kaisari Carlos wa Tano, ndiye aliyekuwa akishika utawala mahali pa mumewe. Likaamuliwa kwamba Baraza la kwanza liondolewe na jingine liwekwe. Safari hii walitafutwa watu wenye sifa njema. Mkuu wao aliwekwa Sebastián Ramírez de Fuenleal, askofu wa Santo Domingo. Chini yake waliteuliwa mahakimu wanne, na mmoja wao alikuwa Vasco de Quiroga. Hakuwa kijana tena. Angeweza kukataa, akazeeka kwao kwa raha. Alikubali, akaingia mji wa Meksiko mwezi wa Januari 1531.

Kazi ilikuwa nyingi kupita nguvu za watu watano. Iliwapasa kusikiliza mashauri ya waliotangulia, kurudisha mali iliyoibwa, kuweka kodi kwa kiasi, na kuyatuliza makabila. Katika mashauri hayo, Quiroga alijitia hasa katika mashauri ya watumwa. Mwenyeji aliyesema kwamba amefanywa mtumwa bila haki aliweza kuja mbele yake kudai uhuru wake.

Hapo tunaona akili na unyenyekevu wa hakimu huyo. Alijua sheria za Roma na za Kanisa na za Kastilia, lakini alitambua kwamba hajui desturi za nchi anayoiamua. Kwa hiyo katika mashauri hayo aliketi pamoja na wazee wanne wenyeji, waliokuwa waamuzi wa watu wao, ili waone yanayotendeka na kumweleza desturi zao. Leo sisi twaona jambo hilo kuwa la kawaida, maana tumezoea wazee kuketi barazani. Wakati ule, mshindi kumwuliza aliyeshindwa habari za haki lilikuwa neno geni kabisa.

Wazee hao walimfundisha jambo kubwa. Wahispania walisema kwamba hawakosi kitu wanaponunua watumwa, kwa sababu wenyeji wenyewe walikuwa na watumwa tangu kale. Quiroga akachunguza, akaona kwamba sivyo. Zamani, mtu aliyebanwa na njaa au deni aliweza kuiuza kazi yake kwa mwingine. Lakini nyumba yake ilibaki yake, mke wake na watoto wake walikuwa huru, mali yake haikuguswa, na ndugu yake aliweza kushika kazi mahali pake. Huyo alikuwa mtu aliyeajiriwa, wala hakuwa mtumwa. Wahispania walikuwa wamelichukua neno la desturi ya wenyeji wakalifasiri kwa neno la utumwa wao wenyewe, na kwa tafsiri hiyo mbaya watu huru walipelekwa kufa katika migodi.

KIJIJI CHA SANTA FE

Lakini hakimu aliona kwamba hukumu peke yake haitoshi. Mtu aliyewekwa huru alitoka barazani na karatasi yake, asijue aende wapi. Shamba lake lilikuwa limechukuliwa na mgeni, na jamaa zake walikuwa wamekufa au kutawanyika. Mayatima walizunguka sokoni wakiokota mabaki ya chakula. Asiye na chakula wala nyumba hurudi utumwani kwa mlango mwingine.

Tarehe 14 Agosti 1531, miezi michache tu baada ya kufika kwake, Quiroga aliandika kwa serikali ya Hispania akishauri vijengwe vijiji vipya kwa ajili ya maskini hao. Hakungoja mpaka serikali itoe fedha. Mwaka 1532 alinunua mashamba kwa mshahara wake mwenyewe, upande wa magharibi wa mji wa Meksiko, akaanzisha kijiji akakiita Santa Fe, maana yake Imani Takatifu. Akakiita pia hospitali. Siku zile neno hilo halikuwa na maana ya nyumba ya wagonjwa tu. Lilikuwa pia nyumba ya kuwapokea wageni, mayatima, wazee na wote wasio na kwao.

Kanuni alizokiandikia kijiji hicho zimehifadhiwa mpaka leo. Ardhi ilikuwa ya wote, wala haikuweza kuuzwa. Kazi ya lazima ilikuwa ya saa sita kwa siku, wakati ambapo katika migodi watu walifanyishwa kazi hata wakaanguka. Kila mtu alijifunza kulima, na juu ya kulima alijifunza ufundi mmoja, kama kusuka nguo, useremala, uashi au uhunzi. Watoto nao walipelekwa shambani baada ya mafundisho, wakajifunza kulima kama kwa mchezo. Mavuno yaligawanywa kwa kadiri ya haja ya kila jamaa. Sehemu iliwekwa ghalani kwa ajili ya miaka ya njaa, na sehemu nyingine ilikuwa ya wagonjwa, wajane na mayatima. Nguo zilikuwa za namna moja, safi na zisizo na urembo, ili pasiwe na wivu. Wakuu wa kijiji walichaguliwa na wenyeji wenyewe kwa kura ya siri. Mkubwa katika jamaa aliwaongoza wadogo, kama ilivyo katika ukoo.

Mawazo hayo aliyatoa wapi? Mengine yalitoka katika Matendo ya Mitume, palipoandikwa jinsi wakristu wa kwanza walivyoshirikiana mali zao. Mengine aliyatoa katika kitabu cha mwanasheria mwenziwe wa Uingereza, Mtakatifu Thomas More. Mwaka 1516 More alitoa kitabu kiitwacho Utopia, kinachosimulia habari za kisiwa ambacho hakiko, chenye serikali njema na kazi ya saa sita kwa siku. Wasomi wengi wa Ulaya walikisoma wakacheka, wakakirudisha rafuni. Quiroga alikisoma kama mtu asomaye mchoro wa nyumba, akaanza kujenga.

KWA WAPURÉPECHA

Mwaka 1533 Baraza lilimtuma Quiroga katika nchi ya Michoacán, kwa Wapurépecha, ili ayakague mambo ya huko na kuwatuliza watu. Alikwenda pale ambapo miaka mitatu nyuma mfalme wao alikuwa amechomwa moto na mkuu wa Baraza lile lile. Alikuwa na cheo kile kile, lugha ile ile, na ngozi ile ile. Hakuwa na kitu cha kuwaonyesha ila matendo.

Akasikiliza malalamiko yao. Akaanzisha kijiji cha pili kando ya ziwa, karibu na Tzintzuntzan, mji wa kale wa wafalme wao, akakiita Santa Fe de la Laguna, yaani Santa Fe ya Ziwani. Kidogo kidogo waliokimbia wakashuka milimani. Guzmán alikamatwa mwaka 1537, akarudishwa Hispania, asitawale tena hata kufa kwake.

CHAPA YA MOTO

Sasa tufike katika jaribu kubwa la maisha ya Quiroga. Mwaka 1530 serikali ya Hispania ilikuwa imekataza kuwafanya wenyeji wa Amerika kuwa watumwa. Wenye migodi na wafanya biashara walinung'unika sana, wakapeleka maombi yao ng'ambo, na maombi hayo yakasikiwa. Tarehe 20 Februari 1534 kaisari alibadili sheria. Akaruhusu tena watu wachukuliwe watumwa kwa njia mbili: wale waliotekwa vitani, na wale walionunuliwa kwa wenyeji wenzao. Watu hao walitiwa chapa ya chuma cha moto usoni: herufi G kwa wa vita, herufi R kwa walionunuliwa. Kila aliyewanunua tena aliweza kuongeza alama yake, hata nyuso nyingine zikawa kama karatasi iliyoandikwa pande zote.

Hakimu afanye nini sheria ya mfalme wake inapokuwa mbaya? Aliapa kuishika sheria ya mfalme, na mshahara wake ulitoka kwa mfalme. Angeweza kusema kwamba kazi yake ni kuitumia sheria, wala siyo kuichungua. Wengi walisema hivyo, wakalala usingizi.

Quiroga hakuasi wala hakunyamaza. Aliketi akaandika kitabu kirefu cha sheria, akakimaliza tarehe 24 Julai 1535, akakipeleka Hispania. Ndani yake alitumia elimu yote aliyoipata tangu ujana wake. Alionyesha kwamba vita vilivyosemwa kuwa vya haki havikuwa vya haki, kwa sababu wenyeji wale hawakuwa wamewashambulia Wahispania, bali walijitetea tu nyumbani kwao. Alionyesha kwamba kununua watumwa hakukuwa na msingi, akaeleza yote aliyofundishwa na wazee wanne barazani. Alisema kwamba sheria hiyo ingeiangamiza nchi, na kwamba kuwatia watu chapa usoni ni kuuharibu uso ulioumbwa kwa mfano wa Mungu. Alimtaja pia Thomas More na kumsifu. Hakujua kwamba More alikuwa amekatwa kichwa siku 18 kabla, tarehe 6 Julai, kwa kuwa alikataa kuisujudia amri ya mfalme wake. Kwa hiyo katika mwezi mmoja, wanasheria wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, walitoa ushuhuda mmoja: mfalme yuko chini ya haki.

Kitabu hicho hakikubadili sheria mara moja. Lakini sauti yake iliungana na sauti za wengine wengi, na mwaka 1542 kaisari alitoa Sheria Mpya zilizokataza tena kuwatia wenyeji utumwani.

HAKIMU AHUKUMIWA

Mwaka 1536 zamu ya Quiroga mwenyewe ilifika. Muda wake katika Baraza ulikuwa unakwisha, na kwa sheria ile ile aliyoitumia Oran, hakimu mwingine alikuja kuchunguza mwenendo wake. Adui zake walipata nafasi. Walimshtaki hasa kwamba aliwafanyisha wenyeji kazi katika kujenga kijiji cha Santa Fe. Mashahidi wakaitwa. Askofu Zumárraga alishuhudia wema wake, na jinsi alivyotumia mali yake kwa ajili ya maskini. Hakimu akamwona hana hatia. Aliyekuwa amewapima wengine kwa mizani, naye alipimwa kwa mizani ile ile, asionekane amepungua.

ASKOFU WA MICHOACÁN

Mwaka huo huo wa 1536 Papa Paulo wa Tatu aliweka jimbo jipya la Michoacán. Mfransisko aliyetajwa kwanza kuwa askofu wake alikataa. Ndipo lilipotajwa jina la Quiroga, hakimu mlei. Alikubali. Mwezi wa Agosti 1538 alilipokea jimbo lake, na mwisho wa mwaka huo Askofu Zumárraga alimpa daraja takatifu na kumweka wakfu.

Alihamisha makao ya jimbo kutoka Tzintzuntzan kwenda Pátzcuaro. Mwaka 1540 alianzisha chuo cha Mtakatifu Nikola kwa kuwalea mapadri watakaojua lugha za wenyeji, na watoto wa wenyeji walisoma humo bila malipo. Chuo hicho kilihamishwa baadaye, na baada ya miaka zaidi ya 200 kilimlea padri Miguel Hidalgo, aliyeanzisha vita vya uhuru wa Meksiko mwaka 1810. Leo chuo kikuu cha mji wa Morelia hulishika jina la Mtakatifu Nikola. Kwa agizo la Quiroga mafundi wenyeji walitengeneza sanamu ya Bikira Maria kwa unga wa mabua ya mahindi, kwa ufundi wao wa kale. Sanamu hiyo ingali inaheshimiwa Pátzcuaro kwa jina la Bibi Yetu wa Afya.

Watu wa Michoacán husimulia pia kwamba Tata Vasco alikipa kila kijiji ufundi wake, kimoja shaba, kingine mbao, kingine ufinyanzi, ili vihitajiane kwa biashara na visigombane. Tena husimulia kwamba alipotoka Hispania mwaka 1554, baada ya kukaa huko miaka saba kwa ajili ya mashauri ya jimbo lake, alipita Santo Domingo akachukua machipukizi ya migomba akayaleta kwao. Mtu wa Kongo atakubali kwamba anayewaletea watu ndizi astahili kuitwa baba.

Lakini tusimfanye malaika. Quiroga alikuwa mtu wa wakati wake. Aliyakubali mamlaka ya mfalme wa Hispania juu ya Amerika, wala hakuikataa kabisa desturi ya kuwakabidhi Wahispania vijiji ili wavitoze kodi. Katika hilo hakufika mbali kama Bartolomé de las Casas. Alipenda mashauri: kwa miaka mingi alishindana barazani na Juan Infante, Mhispania aliyedai vijiji vya ziwani, na hilo lilikuwa jema, lakini alishindana pia na watawa waliohubiri katika jimbo lake. Alitaka kujenga kanisa kuu lenye sehemu tano, na watawa walilalamika kwamba kazi yake inawachosha wenyeji. Sehemu moja tu ndiyo iliyomalizika. Nyumbani mwake mwenyewe walikuwamo watumwa, nao aliwaacha huru katika wasia wake. Hata mwenye haki hujifunza polepole.

KIFO NA UKUMBUSHO

Wasia huo aliuandika mwezi wa Januari 1565. Aliwasihi waliobaki wavitunze vijiji vya Santa Fe na chuo chake, wasiziache kanuni zao zipotee. Mwezi wa Machi mwaka huo alifariki, mzee sana, naye akazikwa Pátzcuaro. Mifupa yake ingaliko, katika kanisa la Bibi Yetu wa Afya. Mwezi wa Desemba 2020 Papa Fransisko alitambua kwamba Vasco de Quiroga aliishi fadhila za kikristu kwa namna ya kishujaa. Hiyo ni hatua moja katika njia ya kutangazwa mwenye heri.

Santa Fe ya Meksiko imemezwa na mji mkuu, na kando yake yamesimama majumba marefu ya wafanya biashara. Santa Fe ya Ziwani ingali kijiji cha Wapurépecha, nao wafinyanzi wake wangali wanafinyanga vyungu.

Mithali yetu husema: mnyonge hana haki. Watu hulitumia neno hilo kwa huzuni, kana kwamba ni sheria ya dunia isiyobadilika. Maisha ya hakimu huyu yanatuonyesha kwamba siyo sheria, bali ni kosa la wenye kuhukumu. Wako kati yetu wanaoketi katika mabaraza: wakuu wa vijiji, waamuzi, wazee wa ukoo, viongozi wa jumuiya. Wako pia wakatekista, ambao watu huwaletea magomvi yao kabla ya kuyapeleka kwa serikali. Hao wote wajiulize mambo matatu ambayo Quiroga aliyatenda. Je, nimemsikiliza yule nisiyeijua desturi yake? Je, nimesema kweli mbele ya mkubwa wangu, hata anaponilipa mshahara? Na yule niliyempa haki yake leo, je, atalala wapi usiku huu?

Anayeweza kujibu vema maswali hayo ameuelewa moyo wa Tata Vasco.